Weupe wa Mosi

Misheni, Morogoro
Agosti 1910

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima, wewe na nyumba nzima. Je, kifua chako kimetulia na baridi ya huko juu? Mimi ni mzima, ila kila asubuhi ukungu ukiondoka mlimani naitafuta migomba yetu kwa macho, siioni. Namwomba Lukasi akusomee polepole, asiruke neno.

Nilipokuja wakati wa mavuno, ulinipeleka mwenyewe kumwona mdogo wangu Mosi, ndani alikowekwa tangu alipovunja ungo. Wanawake walimsifu kwamba giza limemtakasa, amekuwa mweupe, siku ya kutolewa watu watamkodolea macho. Ulicheka kwa furaha, ukanitania kwamba mimi nimeunguzwa na jua la shule, nani atanitazama. Mama, nilimwonea wivu. Mimi sikuwekwa ndani, sikuimbiwa.

Lakini mlipotoka nilimshika mkono nikamsogeza penye ufa wa mlango. Viganja vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Nikamshusha kope ya chini: ndani hakukuwa na wekundu. Moyo ulimdunda kama aliyepanda mlima, naye alikuwa amekaa. Kando ya kitanda ukuta ulikuwa umechimbika. Akaniambia kwa aibu kuwa udongo ule ni mtamu. Masista wametufundisha kuwatazama watoto hivyo. Ile ni safura, Mama. Minyoo ya tumboni inamnywa damu.

Nilikueleza jioni ile ile. Ulisema nimetumwa na Wazungu kuvunja mila, na kwamba mwali hatoki kabla ya ngoma.

Nasikia sasa mnamlaumu Bibi Mwanaheri, somo wake wa unyago, kwamba alipewa kitu na watu wa misheni akawafungulia. Hakupewa kitu. Alikuwa mtoni akiteka maji. Mlango niliufungua mimi, mchana, nikamfunika Mosi kaniki nikambeba mgongoni hadi huku. Alikuwa mwepesi mno.

Amekunywa dawa, anakula. Akiletewa uji huuliza kama umeupika wewe. Ule weupe umekwisha. Viganja vimeshika wekundu, na uso umerudi kuwa mweusi kama wako. Mpokeeni, achezewe ngoma yake. Mimi, kama hamnitaki, nitamfikisha uani nigeuke. Ila ningependa nisimame kidogo nje ya ua, nisikie akiimbiwa.

Wasalimu wote, na Bibi Mwanaheri umwombe radhi kwa ajili yangu.

Mwanao akukumbukaye,
Anastasia