Wamekuja Kumpima Mume Wangu

Nizwa, Jumatatu, mwezi wa Rajabu 1984

Leo vumbi tokea alfajiri, joto limetangulia kabla ya wakati wake, na mimi sina raha. Nimegombana na kila kitu: feni, mlango, kuku wa jirani. Hata kahawa niliimwaga nikapika nyingine.

Maana leo ndiyo siku aliyokuja binti wa serikali, wa ofisi ya mambo ya jamii, kumtazama Seif, mume wangu. Anajiweza kiasi gani, na anayemwangalia anamwangalia vipi. Akiridhika, Seif atabaki hapa kwangu na tutaletewa msaidizi. Asiporidhika, atapelekwa Manah kwa ndugu yake. Mwanangu Nasor anataka Manah. Hajanitamkia, lakini nimemzaa mimi, namjua anapoficha jambo.

Mimi Manah nikafanye nini? Nikawe mgeni kwa shemeji, niombe ruhusa ya kumuosha mume wangu mwenyewe? Sitaki.

Niandike kisa chenyewe, nisijidanganye. Maisha yetu yote, mimi na Seif tumesema Kiswahili. Tulipohamia huku Omani kutoka Unguja, Kiarabu alikisema yeye kwa niaba ya nyumba nzima. Changu mimi ni cha Kurani, cha salamu, na cha kugombania bei ya samaki. Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ulipofunguka ukatoka na Kiarabu tu, kile cha Manah, cha utotoni mwake. Kiswahili kimefutika. Daktari anasema hutokea.

Hutokea! Si yeye aliyelala na mume akaamka na mgeni.

Nasor akija Ijumaa huniuliza, "Mnafahamiana maneno, Mama?" Nami humjibu, "Vizuri sana, uliza mengine."

Basi binti kaja, jina lake Zahra, kadogo, kama juzi tu katoka skuli. Ananiita khalti, mama mdogo, kwa adabu. Nasor alikaa kati yetu akifasiri. Nilimtilia kahawa, nikamsogezea tende, kisha nikamwonyesha kazi yangu. Seif kanyolewa, dishdasha imepigwa pasi, kucha safi. Nikamgeuza mbele yake.

"Mwambie atazame mgongo. Kidonda kiko wapi? Aende nyumba nyingine akatafute mgongo kama huu."

Zahra alitazama, akasifu sana. Nikajua nimeshinda.

Kisha akasema: sasa mzee aombe kitu anachokihitaji, Nasor asifasiri, khalti ampe.

Nasor akatazama zulia.

Seif alisema. Mdomo wenyewe umepinda, sauti ndogo. Nikaleta maji. Akatikisa kichwa. Nikamwinulia mto. Akatikisa kichwa. Nikazima feni, nikaiwasha tena. Akasema kwa hasira, na machozi yakamtoka, na yule binti ananitazama tu, kalamu mkononi, haandiki. Wallahi afadhali angeandika.

"Hajui anachokitaka huyu," nikasema. "Anadeka."

Astaghfirullah. Nimemsingizia mgonjwa mbele ya watu.

"Mama," Nasor akasema taratibu, "mguu wake umepindana chini ya shuka. Unamuuma."

Nikafunua. Kweli. Nikaunyoosha, naye akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: leo nimechoka, leo nimebabaishwa na wageni. Wangeniamini. Lakini usiku mguu ukipinda tena, uongo wangu ungemsaidia nini?

Simfahamu.

Nililisema hivyo hivyo. "Mwambie, Nasor. Simfahamu. Usiku huniita, nami hujaribu hiki na kile mpaka mmoja wetu achoke. Aandike. Mikono yangu mizima, huko Manah hawana mikono hii. Ila simfahamu."

Nasor alianza kufasiri, sauti ikamkatika.

"Usilie! Fasiri!"

Zahra akamwinamia Seif akamuuliza yeye mwenyewe anataka kukaa wapi. Seif akajibu. Akasema maneno mengi, sijui alikuwa ameyaweka wapi. Binti akacheka, akajiziba mdomo. Nasor naye akacheka. Mimi peke yangu, ndani ya chumba changu, sijui kinachochekwa.

"Kasemaje?"

"Mama, tuyaache tu."

"Nasor, baba yako kasemaje? Nitakuchapa mbele ya serikali."

"Kasema una kelele. Asubuhi mpaka usiku unasema, naye hajui unasema nini." Akajifuta macho. "Lakini kasema ndugu yake atamgeuza kama gunia la tende. Anataka kubaki hapa."

Nimelifikiri neno hilo mchana kutwa. Kumbe naye hanifahamu. Nilijiona mimi tu ndiye niliyeachwa nje, na yeye alikuwa nje vilevile, akinisikiliza nikifoka.

Zahra anasema ataandika abaki, na aje mtu asubuhi anayekijua Kiarabu. Lakini mwenye kukata shauri ni mkubwa wake, si yeye. Na atarudi kabla ya Ramadhani. Seif ataomba tena, Nasor atanyamaza tena, na mimi nitasimama pale pale. Nikishindwa, ni Manah.

Nilimwambia aje. Nilisema kwa sauti kubwa ili asisikie ninavyoogopa.

Seif alipofika Unguja, kijana, hakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Nilimcheka vibaya sana mimi, yeye na ulimi wake mzito, na hakukasirika, alirudia mpaka likakaa. Leo baada ya magharibi nimekaa kitandani kwake, nikamshika mguu, nikafunga mdomo, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikamtazama mpaka akaelewa. Akanitajia kwa Kiarabu chake. Nikasema. Akacheka mpaka akakohoa. Nikasema tena.

Acheke. Mguu nimeupata.

Kesho ni goti.