Jina la Kitanda Nane

Mudogo wangu Agnes,

Huku Kalemie ziwa limechafuka tangu juzi, na nimekula samaki, mikebuka ya kukaanga, mpaka vidole vinanuka.

Leo sokoni muuza samaki aliniangalia sana, akasema: "Mama muganga, mimi njo kitanda saba." Pale hospitali ya jeshi nilipokuwa nauguza, tuliwaita askari kwa namba za vitanda. Nilimukumbuka kwa kovu la bega, mushono wangu mwenyewe.

"Na wa nane, unamukumbuka?" akauliza.

Namukumbuka. Alikufa nikimubadilisha bandeji. Jina sikumuuliza. Njo maana kila Siku ya Marehemu nikija kwenu naandika "kitanda nane" kwenye karatasi ya majina ya misa, na mukatekista wenu wa Kirungu anakifuta: "Mama, hapa hatuombei kitanda."

Muuza samaki alifunga mikebuka yangu kwenye gazeti, bila haraka.

"Aliitwa Kalunga Donati," akasema. "Tulikuwa tunaongea, wewe ukienda kwa wengine."

Nimekununulia samaki wakavu. Usalimie watoto, ujifunike, huko kwenu ni baridi. Na hilo jina umupelekee mukatekista Jumapili hii. Usiningojee mimi nifike.

Yaya wako wa tumbo moja,
Veronika