Basi Namba Saba Nililipanga Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka, cheka, lakini unijibu, maana mimi ni mpanga njia za mabasi katika ofisi ya jiji, mwaka wa tisa sasa, na kila asubuhi naenda kazini kwa gari langu kama wenzangu wote, kwa sababu mji wetu bila gari hufiki popote. Sasa hili basi namba saba, linalopita hospitali kuu, nililipanga mwenyewe na linatembea karibu tupu, na mkuu wangu anataka Ijumaa nisaini ripoti ya kulifuta, inayosema watu wa hapa wamezoea magari yao, mabasi hayawezekani.

Ningesaini, sikufichi, ila mama yangu mzazi husafishwa damu hospitalini hapo, na asubuhi mimi huwa vikaoni, kwa hiyo yeye hupanda namba saba. Jumatatu alirudi miguu imemvimba, viatu mkononi. Alisubiri juani saa nzima, kisha likamshusha ng'ambo ya barabara ya njia sita, lango la hospitali analiona kwa macho na kivuko kiko kilomita nzima mbele. Nikamwambia, "Mama, si ungenipigia simu?" Akasema, "Ili iweje? Ungenivusha kwa simu?" Halafu akanieleza kuwa mama mmoja muuza nguo alilaani ndani ya basi kwamba aliyepanga njia hii hajapanda basi maisha yake.

"Nawe ukasemaje?"

"Nilinyamaza, mwanangu. Niliona haya kusema nimekuzaa mimi."

Na kweli sijalipanda, muda wa safari niliupima kwa gari langu Jumapili asubuhi, barabara tupu. Nikikataa kusaini nitaonekana mkaidi, nikisaini mama atafikaje? Nifanye nini?

Mpanga Njia

Mpanga Njia,

Mama mpe pole yangu. Yako isubiri kidogo.

Jumapili asubuhi! Ndugu yangu, Jumapili asubuhi hata kobe angewahi. Umewashonea watu nguo kwa vipimo vyako, imewabana, wameivua, sasa unaandika ripoti kwamba watu hawa wanapenda kutembea uchi. Nani atapanda basi linalokuja likijisikia? Mimi mwenyewe nilinunua gari kwa hasira ya kituo kama chako, na sasa nazeekea kwenye foleni. Aisifuye mvua imemnyea, lakini wewe mvua umeitazama dirishani tu, na bado unaitolea hukumu. Sikwambii ni kazi rahisi katika mji mpana hivyo. Nakwambia hamjajaribu.

Usisaini. Jumatano acha funguo za gari mezani, vikao viahirishe, umpeleke mama kwa namba saba, ukiandika kila dakika ya kusubiri. Alhamisi panda peke yako, saa ya watu kwenda kazini. Ijumaa ingia kwa mkuu na karatasi hiyo, umwombe: basi liingie hadi langoni pa hospitali, lipewe njia yake barabarani, lije kila robo saa, na lijaribiwe miezi sita kabla ya kulizika. Akikuita mkaidi, mwalike apande nawe.

Na ukimkuta yule mama muuza nguo, usigeuze uso dirishani. Mwambie ni wewe. Atakusema, nawe msikilize mpaka kituo cha mwisho. Mama yako amekuficha vya kutosha.