Mtoto Uliyeniomba

Kiembeni, Mombasa
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa dada yangu mpenzi Mwanakuu, huko Maskati,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Kabla ya yote nakuuliza hali, na goti lako je? Lile la kushoto lililokuwa likikutesa kila ulipopanda ngazi za nyumba ya Mama. Na shemeji Zaki amepunguza sukari, au bado anakunywa chai kama sherbeti? Mwambie nimemuulizia, na kwamba siku yake ya kisukari ikifika asije akatafuta wa kumlaumu.

Sisi tu wazima, alhamdulillahi, kama wauliza uzima wa viungo. Mama presha yake hupanda ikashuka, lakini ulimi haujambo. Bado hapiti muuza samaki pale Kuze bila ya kuambiwa samaki wake wamelala. Amekupa salamu nyingi na halua utakayoipata pamoja na barua hii. Nilimwambia huko Maskati halua ndiko kwao, akazidi kuifunga.

Usishangae kuona naandika kwa kalamu. Simu yangu hushikwa na Nabiha, na mtoto siku hizi asoma kila kitu. Bwana Chonga wa ofisini kwa shemejio Jamaldin yuaja huko wiki hii, atakukabidhi mkono kwa mkono.

Idd kubwa ulipokuja uliniomba Nabiha umlee. Tulikuwa chumbani kwa Mama, na nilikujibu vibaya, kwamba mwanangu si gunia la mchele la kupakiwa. Uliinuka ukaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeoshwa. Tangu siku hiyo hujalitaja tena, nami nimekushukuru kwa hilo. Leo nimekuja na jawabu, lakini soma kwa mpango, usirukie mwisho kama utakavyotaka.

Uliniuliza kwa nini tulihama Kuze, mjini, ghafla vile, nikakuambia ni skuli. Ni kweli, ila ni nusu yake. Darasa lilikuwa limejaa hata watoto wa nyuma walikalia kingo za dirisha. Mwalimu Mutunga, maskini, mtu mwema, alipaza sauti mpaka ikamkauka, na daftari za Nabiha zilikuwa zarudi nyumbani kama zilivyokwenda. Lakini kwa hilo peke yake nisingalihama. Chuo cha Kurani alikwenda mwenyewe kila alasiri, Mama alikuwa hapo chini, na mimi nikikohoa jikoni, Bi Tima wa nyumba ya mkabala aliniuliza dirishani kama nimekunywa tangawizi.

Nusu ya pili hukuambiwa kwa kumstahi huyo huyo Bi Tima. Wajua mtoto wa Kuze hutumwa na yeyote. Ndivyo tulivyolelewa mimi na wewe. Mtu mzima akikuita njiani, wapokea alichokupa, wapeleka alikokuambia, na ole wako uulize ni nini. Tumebeba birika za kahawa, tumebeba dawa za wagonjwa, tumebeba hata samaki wa watu tukanuka siku nzima. Nami Nabiha nilimfunza vivyo hivyo, nikaona nimelea. Basi mwaka jana akarudi chuoni na biskuti mkononi. Kumuuliza kapewa na nani, akaniambia kwa raha zake kuwa ni zawadi ya Ubaid, kwa kuwa yeye humpelekea vifurushi vyake kwa vijana wakaao kule pembeni mwa Ndia Kuu, na hajaangusha hata kimoja.

Ubaid, dada. Ubaid wa Bi Tima, yule uliyemfunga kilemba wewe mwenyewe siku aliyokhitimu Kurani. Yuko kwenye unga wa kulevya, na ili aupate huuza. Amekonda, ajikuna shingo, asinzia wima. Na mjumbe wake alikuwa mwanangu, na juzuu yake kwapani.

Asubuhi ya pili nilimkuta Bi Tima akifagia mlangoni. Hakujua lolote, masikini ya Mungu. Akaniambia Nabiha ana adabu, mtoto wa siku hizi asiyekataa kutumwa ni nadra. Nikaingia ndani nikalia.

Nilimkataza Nabiha. Alinitazama kama niliyemwambia asiswali. Aliniuliza atamkataaje mkubwa, na mimi ndiye niliyemfunza kuwa hakataliwi. Kila alasiri Ubaid akawa yuasimama chini ya dirisha amwita kwa jina, kwa upole, kama aliyekuwa akimbeba mgongoni, na kweli alikuwa akimbeba. Jamaldin akasema basi, tuhame kabla hatujatiana mikononi na majirani. Mwezi wa kwanza tukaja huku.

Nyumba ni nzuri, nisije nikakufuru. Ina hewa, maji hayakatiki, na ua una mpera. Kila nyumba ina ukuta wake na lango lake, na kwenye mdomo wa njia akaa bawabu, Fondo, kijana wa Kaloleni mwenye heshima zake. Mkabala nasi yupo Beryl, mwanamke wa kutoka Kisumu afanyaye kazi benki, na bintiye Awino ni rika la Nabiha. Tulipohamia alitukaribisha kwa mdomo mtamu, nami nikasema moyoni hapa pana watu.

Mkasa wa mbwa uliusikia kwa simu, lakini hukuusikia wote. Ilikuwa Ramadhani imeandama. Nikapakua sahani ya futari, kaimati na viazi vya nazi, nikaifunika kawa, nikampa Nabiha ampelekee Beryl, kama tufanyavyo siku zote, Muislamu asiwe Muislamu, jirani ni jirani. Sikumwambia neno zaidi, na hata leo sijui ningemwambia nini. Lango la Beryl lilikuwa limerudishwa tu. Nabiha akalisukuma kwa nyonga, akaita hodi huku atembea, akazunguka moja kwa moja hadi mlango wa jikoni. Mbwa alikuwa ameshafunguliwa.

Aliyemfikia mwanzo ni Beryl. Alimtoa mdomoni mwa mbwa kwa mikono yake, akamtia garini na damu zote zile, na hospitalini alikaa nasi mpaka mguu ukamalizwa kushonwa. Alilia kuliko mimi. Mbwa alimwondosha wiki ile ile bila ya kuombwa. Alichoniuliza, na aliuliza kwa huruma, ni kwa nini mtoto hakungojea langoni. Ningemfahamishaje kuwa kwetu wanaongojea mlangoni ni wageni, au watu waliokosana na wenye nyumba?

Sahani ilirudi baadaye, imeoshwa ikang'aa, na ndani hamna kitu. Mimi nilijua ni desturi tu hazijui, kwamba kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nabiha alifunua kawa, akafunika, akaniuliza kama mama yake Awino bado ametukasirikia.

Skuli yenyewe, nikisema ni mbaya nitakuwa mwongo. Darasa ni pana, watoto ni wa kuhesabika, kompyuta zipo, mwalimu amjua kwa jina. Kiingereza chake kimenipita. Lakini basi la skuli humchukua alfajiri na chai haijapoa, lizunguke mitaa yote, na hunirudishia mtoto jua likizama. Chuo cha karibu hakuna. Tulimpata ustadhi wa kuja nyumbani, akaja siku mbili tatu, akapata kazi Malindi. Na huko skuli Kiswahili hawakitaki ila kwenye kipindi chake. Mama akimpigia simu, Nabiha hujibu ndiyo na la, kama mtu aliyesimamishwa mahakamani.

Tena amekuwa mtoto wa kukaa. Akirudi huketi kitandani na soksi zake, atazama dirishani. Beryl humwita kila Jumamosi akacheze na Awino, hataki. Hungoja Awino aje kwetu. Akija hucheza vizuri, na akiondoka humshukuru kwa kuja, kwa Kiingereza, kama bibi mzee. Yule Nabiha aliyekuwa aingia nyumba tatu kabla ya kufika chuoni, akatoka na vitu mdomoni, simwoni tena. Namtafuta, dada, simwoni.

Nilimwambia Jamaldin turudi Kuze. Nilidhani atanijia juu, maana huyu mume wangu foleni ya daraja la Nyali imemmaliza, atoka giza na kurudi giza. Hata! Alivua viatu polepole, akaniuliza, "Turudi kwa nani, Swafia?"

Nikaanza kumtajia watu. Kila niliyemtaja, ama amehamia Utange, ama amehamia Nyali kwa wanawe, ama ni marehemu. Nyumba ya akina Swaleh imekuwa ghala la muuza vinyago. Aliyebaki ni Bi Tima, na Mama, na hao vijana wakaao pembeni. Mwezi jana nilipokwenda kumpeleka Mama kliniki, niliona kitoto cha umri wa Nabiha chapita mbio na kifurushi, chacheka. Ubaid alinisalimia kwa adabu zote. Nikamwitikia.

Sasa fikia hapa ndipo jawabu lilipotoka. Jumamosi ya juzi nilimpeleka Nabiha kwa Mama. Mama alikuwa amepika biriani kwa ajili yake, akapakua sahani akamwambia ampelekee Bi Tima. Nikafurahi. Nikapanda juu haraka, nikasimama dirishani pale pale tulipokuwa tukisimama mimi na wewe kuchungulia maharusi, nimtazame mwanangu avuka njia.

Akavuka. Mlango wa Bi Tima ulikuwa wazi kama ulivyokuwa tangu tuzaliwe, pazia limefungwa fundo. Nabiha akafika kizingitini akasimama. Hakupiga hodi. Ameshika sahani kwa mikono miwili, miguu ameibana, yuangoja. Redio ya Bi Tima nilikuwa naisikia mimi huku juu. Watu walipita nyuma yake wakamwangalia. Mkono ulimwuma, nikamwona abadilisha sahani. 

Bi Tima alitoka mwenyewe na ndoo ya maji ya kumwaga, kidogo amroweshe. Macho yake si yale, akamkazia kisha akamjua. "Wangoja nini, mwanangu?"

Nabiha akasema, "Nangoja nifunguliwe."

Mlango ulikuwa wazi, dada. Bi Tima alicheka mpaka akashika ukuta, na wapita njia wakacheka, na jioni yake Mama akamhadithia kila mtu kama kichekesho. Mimi nilikaa chini ya dirisha nikajua kwisha. Kuze nilikomtorosha imeshamtoka, na huku nilikomleta hakujamwingia. Hana pake. Nilidhani nachagua baina ya mji na huku nje, na skuli hii na skuli ile, na nilichagua kwa akili zangu zote, na sikupata hata kimoja.

Basi mchukue. Kama ni ugeni, heri awe mgeni kwako, penye mtu wa damu yake ndani. Skuli ya karibu na nyumba yako uliyonieleza, ambayo huendewa kwa miguu na wewe ukimwona kutoka barazani, nimeikubali. Skuli za huku zikifungwa mwishoni mwa mwezi huu, Jamaldin atamleta. Ameridhia kwa kichwa, mdomo wake bado haujasema. Nabiha hajaambiwa. Nitamwambia mimi, na sijui kwa lugha gani.

Najua kwako hili ni furaha, na una haki nayo, umeingojea miaka. Furahi, dada, usinionee haya. Lakini nikuambie kitu kimoja. Mama alilelewa Lamu na shangazi yake, kama ujuavyo, na hadi leo akisema mama humkusudia yule. Mamake aliyemzaa humtaja kwa jina. Nimelifikiria hilo kila nifuapo nguo zake. Nabiha akija kukuita mama, usimkataze.

Maini hali, usimshurutishe. Kovu la mguu humwasha, mpake mafuta ya nazi. Usimtume njiani, hata kwa chumvi. Na mkifika mara ya kwanza, asije akaachwa nyuma kwenye mizigo, maana mlango ukiwa wazi hataingia. Inuka, na hilo goti lako, ukamshike mkono umwingize.

Nisalimie shemeji Zaki, na bintiamu yetu Maimuna ukimwona, na majirani zako wote wanaoniulizia. Jamaldin, Mama na Bi Tima wakusalimu. Nabiha yuko hapa mezani afanya kazi ya skuli, ameniuliza naandika kwa nani, nikamwambia kwa khalati yake, akasema nikuandikie kuwa hajambo.

Mola akulinde na kila shari, akuzidishie afya, na akupe subira ya kulea, kwani mimi yangu imekwisha.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja, nikupendaye hata nikupe nilichokunyima,
Swafia