Mama Nani

Jumatatu, 4 Machi

Leo jirani kanisalimia dirishani. Hujambo, Mama... Akakwama. Mama nani vile? Nikamwambia Mama Nani hivyo hivyo, inatosha. Kacheka mpaka maji ya ndoo yakamwagikia miguu. Mimi sikucheka. Kitovu kimeshadondoka, kucha nimeshazikata, na mtoto bado hana jina! Paka wa dukani analo.

Lakini jana tumekubaliana, mimi na mume wangu, kwa akili timamu na mlango umefungwa. Jina rasmi, la cheti na la shule, litatoka kwao. Jina la utani, la kuitwa nyumbani, litatoka kwangu. Kidoti. Jina la mama yangu. Kwenye cheti waandike wanavyotaka. Cheti hakimwiti mtoto aje kula.

Mama aliitwa Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi chini ya jicho. Tangu tumzike sijamsikia mtu akilitaja. Nataka lisikike tena ndani ya nyumba, nilipigie kelele uani, basi. Sitaki kingine. Mume wangu kasema sawa.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi kwenye cherehani. Natarizi mtoto akilala, yaani sitarizi sana.

Mama mkwe kaja na blanketi la manjano. Nitarizie jina la mjukuu wangu, mwanangu, herufi kubwa, uzi usiochuja rangi. Jina la marehemu mama yake. Refu hilo! Sitaliandika hapa, nisije nikalizoea. Likianzia pembe moja ya blanketi sijui kama pembe ya pili itatosha. Nikamuuliza kama mwanawe anajua. Kasema kwani nani alisema sawa, si yeye?

Haya. Makubaliano ni makubaliano, jina rasmi ni lao. Nimeanza na uzi wa bluu.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi! Dada mkubwa wa mume wangu, yule wa benki, anayeongea na sisi wote kama tumepanga foleni dirishani kwake. Kaleta mataulo. Nitarizie jina la binti yetu, wifi yangu. Nikatega sikio. Jina jingine kabisa! La kisasa, lina herufi ambazo sijapata kuzitarizi zikiwa zimekaa jirani. Nina hakika kalitoa kwenye chupa ya shampuu. Nikauliza nani kalikubali. Mdogo wangu, kasema, na kunionyesha meseji. Sawa dada. Na kimoyo chekundu mwishoni.

Kwa hiyo mume wangu kaligawa jina la mtoto mmoja kwa watu wawili, na wote wawili wakaleta kazi kwa fundi yule yule. Hivi alisahau mkewe anafanya kazi gani? Nimembana wakati wa chakula. Kaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake. Mwisho kasema tusiwe na haraka, wataelewana wenyewe. Wataelewana! Wale waligombea rangi ya pazia mpaka leo dirisha la mama mkwe liko wazi.

Jumapili, 10 Machi

Wifi kashindwa. Mama mkwe kampigia simu, kilio kikasikika huku na huku, mataulo yakaja kufuatwa. Kaahidiwa jina la mtoto wa pili. Wa pili wa nani? Mimi bado nakaa upande upande!

Nikadhani yameisha. Kumbe mama mkwe kabaki. Kakaa kitandani kwangu, kasema jina la mama yake lina jina lake la utani, na hayo mawili hayatenganishwi. Huwezi kuja kuazima sufuria ukamwachia mwenyewe mfuniko. Na la utani ni Komesha. Eti ugomvi wowote mtaani, bibi yule akitokea unakoma. Au walikoma waliokuwa wakigombana, sikuelewa vizuri.

Nikasema taratibu, mama, la utani tulishakubaliana, Kidoti. Kamchukua mtoto, kamgeuza kwenye mwanga, kamkagua kama anachagua nyanya. Doti iko wapi? Kaangalia mpaka nyuma ya masikio. Mtoto hana hata alama moja mnamwita Kidoti, watu si watatucheka? Komesha ndiyo haichekeshi, eti!

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Kasema mama ana hoja. Nikamkazia macho. Kasema na wewe mke wangu una hoja. Kisha kaenda kuangalia kama geti limefungwa.

Jumanne, 12 Machi

Mama Komesha. Nimelijaribu mbele ya kioo. Mama Komesha, gauni langu tayari? Nani atamletea kazi mtu wa jina hilo? Wataogopa hata kuja kuchukua nguo zao.

Maana tunasahau kwamba jina hilo ni langu pia. Mtoto ataolewa, atahama, atajiita anavyopenda. Mimi nitabaki nalo hapa mtaani mpaka wanizike.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe alikuja kumwogesha mtoto. Nikasimama koridoni na taulo mkononi, sikuingia. Alikuwa anamwita Komesha, polepole, analivuta lile jina. Mara sauti ikamkatika. Kajifuta uso kwa mkono wenye sabuni, macho yakamwasha, kalaani sabuni. Haikuwa sabuni.

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Naye alizika mama. Naye hana pa kulitajia. Na mtoto alikuwa ametulia tuli kwenye beseni, anamwangalia. Kwangu hulia kana kwamba nambandua ngozi. Iliniuma, sitasema uongo.

Basi nikamchukia mwanawe. Huyo ndiye anayestahili. Sisi wanawake watatu tungeshagombana tukamaliza, angesema hapana kwa mmoja tu! Kamwambia kila mtu alichotaka kusikia, halafu huyoo, karakana kwake, kuranda mbao. Mbao anazipima mara tatu ndipo azikate. Nimeshamwona.

Ijumaa, 15 Machi

Mbele ya mama yake mume wangu anamwita mtoto Komesha. Chumbani anamwita Kidoti. Leo kadhani yuko peke yake naye, nimemsikia: wee, njoo kwa baba, wee.

Jumapili, 17 Machi

Sebule imejaa. Shangazi wote wa mume wangu, soda, viti vya kuazima. Mama mkwe katangaza kwamba baba wa mtoto atasimama aseme majina yote mawili kwa kinywa chake. Atakalosema ndilo hilo, halibadilishwi. Ndivyo wanavyofanya kwao. Wifi kavaa miwani ya jua humo ndani ili tujue bado kanuna.

Mimi niko chumbani nanyonyesha. Naandika kwa mkono mmoja, daftari liko juu ya mto.

Mume wangu kaja. Leta mtoto, wanangoja. Nikamuuliza utasema lipi? Kakaa ukingoni mwa kitanda, kashika kidole cha mguu cha mtoto. Wewe unataka niseme lipi? Nikamwambia unalijua. Kasema sawa.

Sawa! Nikamuuliza, na mama yako sasa hivi pale jikoni umemwambia nini? Kakiachia kidole cha mtoto. Kola ya shati jipya imelowa jasho. Nikamwona mdogo kabisa, na nikamwonea huruma, na ile huruma ikanikasirisha zaidi. Nikamwambia sikupi mtoto. Tangulia ukaseme, nitakusikia kutoka hapa. Ukisema ulilonikubalia, namtoa. Ukisema jingine... Sikumalizia. Sijui ningemalizia na nini.

Katoka. Nimeufunga mlango kwa ufunguo.

Wamenyamaza. Namsikia. Anawashukuru wageni. Anamshukuru mama yake kwa kumzaa. Anamshukuru mwenye viti. Mtoto kaachia ziwa, kafumbua macho. Sasa jina rasmi – kalitaja lote, refu vile, bila kujikwaa. Vigelegele! Sawa, hilo lao, sina neno. Mama mkwe anasema, haya mwanangu, na la nyumbani?

Nimesimama na mtoto, daftari nimeliegemeza mlangoni.

Na la nyumbani, anasema, jina la nyumbani la binti yetu, ambalo sote tumelifikiria sana –

Anauliza kama kila mtu kapata soda.