Tarehe ya Kuondoka

Winnipeg, 11 Januari 2025

Mjomba Ignas,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi. Miguu yako je, na presha?

Tangu urudi nyumbani nimekuwa nikiingiza dola mia mbili kila mwezi kwenye akiba yako ya uzeeni, ile isiyotozwa kodi, kwa idhini uliyoniachia. Ulinilipia ada ya sekondari Kilakala miaka yote. Nilitaka kurudisha kimyakimya. Sasa watu wa kodi wanauliza kama bado unaishi Kanada. Kama huishi, kila nilichoingiza baada ya wewe kuondoka kinatozwa asilimia moja kwa mwezi mpaka kitolewe. Sikujua. Nijibu kwamba bado unakaa kwangu? Koti lako lipo kabatini.

Mpwa wako,
Paskalia

Mgeta, 8 Februari 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Presha imetulia, miguu inapanda mlima polepole.

Usiseme nakaa kwako. Nilipofika, wazee wa ukoo waliniweka kitako kabla ya kunionyesha shamba. Mama mdogo Rehema akauliza, "Ignas, umerudi, au umekuja kututazama?" Nikasema nimerudi. "Na makoti yako ya huko?" Nikasema nimeyaacha. Wakacheka, wakanipa shamba la marehemu mama. Nimepanda njegere. Siwezi kuwaambia wao hivi na watu wa kodi vile.

Andika niliondoka 14 Machi 2024. Toa ulichoingiza, kodi ilipwe humo humo, usiingize tena. Fomu yao uliyonitumia nimesaini, imo ndani ya bahasha hii.

Mjomba wako,
Ignas

Mgeta, 20 Juni 2025

Paskalia,

Hujambo? Miezi minne kimya. Kila nishukapo Morogoro kuuza njegere napita posta. Kodi inaongezeka, lakini si hiyo inayonisumbua. Unajua kwetu shamba hufuata upande wa mama. Nikifa ni lako. Bibi yako Rehema anauliza kama bado u wetu. Nimjibu nini?

Mjomba

Winnipeg, 9 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sikuumwa. Fomu ilikaa mezani tangu Machi. Kila nikifika penye tarehe ya kuondoka naiacha, kwa sababu nikishaiandika, chumba kile ulichokuwa ukilala hapa kwangu si chako tena.

Jana niliiandika. Akiba imetolewa, kodi imelipwa. Koti nimempa Mkongo mmoja mgeni hapa. Akacheka, Julai hii koti la nini? Nikamwambia atajua.

Zile mia mbili za kila mwezi sasa naziweka kwa jina langu. Ni za nauli ya kurudi. Mwambie bibi asimgawie mtu kile kipande cha shamba karibu na kijito.

Mpwa wako,
Paskalia