Ghorofa ya Gazmend

Kaka yangu Gazmend,

Salamu nyingi zikufikie huko Stuttgart, wewe, wifi yangu na watoto. Huku tu wazima kwa kudra ya Mungu, ila mama anakohoa na baba amekuwa mchache wa maneno. Kwenye simu alikuambia tetemeko lilituachia nyufa za plasta tu. Kaa chini, kaka, nikueleze.

Kazi yangu inakwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilipoanza saiti kule Tirana mafundi walinicheka: "Wee dada, zege si unga wa byrek!" Leo wananiita mhandisi, na hawamwagi nguzo kabla sijakagua nondo zake. Baba alilitangaza hilo mkahawani mpaka watu wakachoka. Basi manispaa ilipoleta wakaguzi baada ya tetemeko, aliwafungia geti. Akasema hao wana uchu wa kubomoa, nyumba yake ataikagua binti yake. Mkuu wangu alinikumbusha kwamba mganga hajigangi. Nikaenda hivyo hivyo, maana ni baba.

Nilikuta amewaita majirani, anawamiminia raki kama yuko harusini.

Nilibandua plasta ya nguzo za chini. Kaka, babu alizijenga zibebe nyumba ya chini tu. Ghorofa yako, ile baba aliyoipandisha kwa mikono yake ulipoondoka, akaacha na nondo zimechomoza juu kwa ajili ya ghorofa ya wanao, ndiyo iliyozielemea. Tetemeko lilimalizia tu. Nondo za ndani zilikuwa zimepinda, zege limemeguka. Nilitafuta kila njia ya kuiokoa, nikakosa. Nikatoka, nikapiga alama nyekundu ya kubomoa ukutani huku nikilia mbele za watu.

Baba hakupiga kelele. Alisema, "Nimekusomesha ili uje unibomolee?" Mama akanivuta kando, akaniambia nimwache, ni hasira, zitapoa. Hazikupoa.

Tingatinga lilikuja Jumatatu. Hakuna nyumba tena, kaka. Wazee wako kwenye kontena la manispaa, kuta zake zinatoka maji usiku kucha, na baba akiniona naingia hutoka nje.

Jana ndiyo mara ya kwanza tangu siku ile ameniita kwa jina. Nilidhani amenisamehe. Kumbe alitaka nikuandikie kwamba ghorofa yako bado ipo, imepigwa rangi, inakungoja. Aliniomba kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: "Valbona, akijua haipo, atarudi kufanya nini?"

Nikamwambia sawa, nitaandika. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, nimeshindwa.

Miaka yote hii mzee anaamini kitakachokurudisha ni ghorofa. Njoo, kaka, umwonyeshe kwamba alikosea. Hatuna chumba cha kukupa; utalala na wazee humo humo kontenani.

Wabusu watoto, na umpe wifi pole ya majukumu. Mama anawaombea.

Mdogo wako akupendaye,
Valbona